Sauti Hujengwa

Jijini Eldoret hakuna anayeshangaa kumwona mtu akikimbia alfajiri. Tunajua kwamba medali hutoka kwenye kilomita za kila siku. Lakini akisimama mwimbaji hodari kanisani, mara tunasema: huyo amejaliwa. Naona tunamnyima haki yake.

Pita kwenye kanisa lenye kwaya Jumamosi jioni. Utawakuta wamesimama, soprano huku, alto kule, teno na besi nyuma yao, na wimbo bado haujaguswa. Wanaanza na pumzi. Mwalimu anawaambia waweke kiganja juu ya kitovu na kuvuta hewa mpaka kiganja kisukumwe nje, mabega yasipande. Kisha waitoe kwa "sss" ndefu, nyembamba, isiyoyumba. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na baridi ya Julai hukaza koo. Anayekurupuka kupaza sauti huishia kukwaruza. Anayeanza kwa kuimba midomo ikiwa imefumbwa, mpaka auhisi mtetemo puani na mashavuni, koo lake hulainika lenyewe.

Baada ya pumzi huja irabu. Kiswahili kimetupendelea hapa: silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo sauti ina pa kukaa. Ila "i" ikipanda juu hupenda kubana. Mwimbaji hulegeza taya, akaisogeza kidogo kuelekea "e", ikatoka imejaa. Kulizoea jambo hilo dogo huchukua miezi, maana ndani ya koo kuna mikunjo miwili midogo ambayo, kwa noti ya "la" wanayotumia wapiga ala kupatanisha ala zao, hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Misuli inayoiendesha huimarika polepole, na sauti huchoka ikikazwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana robo saa kila siku hushinda saa tatu za kukazana mara moja kwa wiki.

Hata Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarab, alijifunza. Kule Unguja aliuza vyungu kwa miguu, akiwaita wateja kwa sauti iliyosikika mbali. Hakuna atakayesema hakuwa na kipaji. Hata hivyo, alipohamia mjini alikaa chini afundishwe na Ali Muhsin wa kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri.

Lakini sifa zangu kubwa nampa alto wa kwaya ya kawaida. Soprano amepewa wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu hutoka nao kanisani. Alto amepewa noti chache za katikati, huku jirani yake akimvuta juu. Nimemtazama mmoja akiziba sikio kwa kiganja ili ajisikie, akapotea, akarudishwa, akapotea tena, mpaka teno walipoingia naye akabaki pale pale kwenye noti yake. Jioni hiyo sikio lake lilifanya kazi kuliko koo. Pasipo masikio kama hilo, kwaya huteleza kidogo kidogo, na ubeti wa mwisho huimbwa chini ya pale wimbo ulipoanzia.