Jina la Kuazima: Uchumba wa Uongo na Suala la Heshima katika Riwaya ya Hopeless

Utangulizi

Riwaya ya kauboi na riwaya ya mapenzi ni tanzu mbili za fasihi pendwa ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa na wasomaji tofauti. Ya kwanza ilidhaniwa kuwa ya wanaume, yenye bunduki na farasi. Ya pili ilidhaniwa kuwa ya wanawake, yenye kushughulikia moyo na nyumba. Mgawanyo huu haukuwa na msingi imara tangu awali. Katika The Virginian (1902) ya Owen Wister, riwaya iliyouweka utanzu wa kauboi katika umbo lake linalojulikana, mapenzi ya mchunga ng'ombe na mwalimu Molly yana uzito sawa na uhasama baina yake na Trampas. Kwa hiyo, riwaya za mapenzi ya kauboi zilizoenea katika mwongo wa tatu wa karne ya 21 hazikuzua mseto mpya. Zimekipa kipaumbele kilichokuwamo tayari.

Makala haya yanachunguza mojawapo ya riwaya hizo, Hopeless (2023) ya mwandishi wa Kanada, Elsie Silver. Inadaiwa hapa kwamba uchumba wa uongo, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa mbinu ya kusisimua tu, ndio unaofichua jinsi heshima inavyogawiwa katika jamii ya riwaya hii; na kwamba mwisho wa riwaya unaupunguzia ufichuzi huo makali.

Uchumba kama Tendo Usemi

Hopeless ni ya tano katika mfululizo wa riwaya zilizotoka kati ya 2022 na 2023 kuhusu ukoo wa Eaton, wenye ranchi karibu na Chestnut Springs, mji wa kubuni katika mkoa wa Alberta. Bailey Jansen ni mhudumu wa baa anayetoka katika familia inayojulikana kwa uhalifu. Yeye mwenyewe hana kosa, lakini mji unamhukumu kwa kanuni ile ambayo Waswahili wameifumbata katika methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Anapotafuta kazi nyingine, jina lake linamtangulia na kumfungia milango. Beau Eaton, mwanajeshi wa zamani aliyerudi na majeraha ya mwili na ya nafsi, anampa pendekezo: wajifanye wachumba, ili jina la Eaton lifungue yaliyofungwa na jina la Jansen.

Motifu hii ina nguzo tatu: mkataba wa siri, kikomo cha muda, na hadhira inayopaswa kudanganyika. Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi hapa. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika How to Do Things with Words (1962), alionyesha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Aliongeza kwamba ahadi inayotolewa bila nia ya kuitimiza ni ahadi yenye kasoro, lakini ni ahadi hata hivyo. Hoja hii inaufaa uchumba wa Bailey na Beau. Nia haipo, lakini pete ipo, na mji unaiitikia. Kwa hiyo uchumba huo ni wa uongo kwa wachumba na wa kweli kwa jamii.

Matokeo yake ni kinaya kikali. Tabia ya Bailey haijabadilika hata chembe kati ya siku aliyodharauliwa na siku aliyovishwa pete. Kilichobadilika ni jina analotarajiwa kuitwa. Ikiwa heshima inaweza kupatikana kwa uongo, basi dharau nayo haikuwahi kutegemea ukweli. Beau pia amevishwa vazi asilolichagua, lile la shujaa, na chini yake anaficha maumivu. Mhalifu na shujaa, wote wawili ni watu waliobuniwa na mji.

Usimulizi wa Nafsi Mbili

Silver anasimulia kwa kupokezanisha nafsi ya kwanza ya Bailey na ya Beau. Riwaya nyingi za mapenzi za zamani zilimfuata mhusika wa kike peke yake, zikamwacha mwanamume awe fumbo. Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), alionyesha jinsi wasomaji wanawake aliowahoji walivyothamini shujaa anayejua kujali na kubembeleza. Usimulizi wa nafsi mbili unaitimiza haja hiyo mapema, kwani msomaji anausikia moyo wa Beau kabla Bailey hajausadiki. Taharuki inahama: swali si tena kama anapendwa, bali ni lini mtu aliyezoea kudharauliwa ataamini kwamba anapendwa. Huu ni ufanisi mkubwa wa kifani.

Hata hivyo, mbinu hii ina gharama. Kwa kuwa hakuna msimulizi wa tatu, mji hausemi kwa sauti yake. Chuki yake inasikika kama jeraha la Bailey pekee, wala haichunguzwi kama mfumo wenye wanufaika wake.

Jina na Ardhi

Ulinganishi na Wister unasaidia hapa. Shujaa wa The Virginian hatajwi jina lake mwanzo hadi mwisho. Heshima yake inatokana na matendo yake. Kauboi wa Silver anaheshimika hata kabla ya kutenda, kwa sababu ukoo wake una jina, na jina lina ardhi. Utanzu uliozaliwa ukimtukuza mtu asiye na ukoo umefika mahali pa kuutukuza ukoo.

Ardhi hiyo ina historia. Kusini mwa Alberta, Mkataba wa 7 wa 1877 uliotiwa saini na Siksika, Kainai, Piikani, Stoney Nakoda na Tsuut'ina ulitangulia ranchi kubwa zilizokodishiwa wafugaji katika miaka ya 1880. John Ware, kauboi Mweusi aliyezaliwa utumwani Marekani na kufariki mwaka 1905, ni miongoni mwa waliojenga ufugaji wa eneo hilo. Taswira ya kauboi katika riwaya pendwa haibebi kumbukumbu hizi. Hopeless inauliza jinsi jina la Jansen lilivyochafuka. Haiulizi jinsi majina ya wenye ranchi yalivyopata kuwa safi.

Hitimisho

Njia ya mwongo ni fupi, lakini katika riwaya ya mapenzi njia hiyo huishia kwenye ukweli: wanaojifanya hupendana. Pamela Regis, katika A Natural History of the Romance Novel (2003), anatetea mwisho wa aina hii kwa hoja kwamba mhusika wa kike huvishinda vikwazo na kuwa huru. Utetezi huo unafaa kuzingatiwa, kwani Bailey anaondokana na woga. Lakini kikwazo chenyewe hakivunjwi. Anavushwa juu yake. Uchumba unapogeuka wa kweli, jina la kuazima linakuwa lake, na mji hauhitaji kujibu kwa nini ulimnyima kazi alipokuwa Jansen. Atakayefuata kuzaliwa na jina baya, asipate Eaton wa kumchumbia, ataikuta milango ileile imefungwa. Thamani ya riwaya hii ni kwamba imemwezesha msomaji kuuliza swali hilo. Udhaifu wake ni kwamba imemtuliza kabla hajalijibu.