Damu ya Nyumba Moja: Kuhusu Mvuto wa Tamthilia ya The Originals

Ziko tamthilia ambazo ni rahisi zaidi kuzikemea mimbarani kuliko kuzitazama. Mojawapo ni The Originals, iliyochipuka kutoka tamthilia nyingine, The Vampire Diaries, na kuonyeshwa Marekani tangu mwaka 2013 hadi 2018. Habari zake ni za jamaa ya Mikaelson, wanyonya damu wasiokufa, katika mji wa New Orleans.

Hatukusudii hapa kuuliza kama Mkristo aruhusiwa kuitazama. Twauliza ina nini hata ikavuta watu. Kijana wa Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, aweza kuipata leo kwenye simu ya mkononi; wala hakuna haja ya Mmarekani kumfundisha kumwogopa mnyonya damu. Habari za mumiani na chinjachinja zilienea Afrika Mashariki tangu wakati wa ukoloni. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameeleza jinsi watu wa Nairobi na Kampala walivyowashuku wazimamoto kuwa wachukua damu. Lakini mumiani huyo ni mgeni: ana gari na sare, hana ukoo. Mnyonya damu wa tamthilia hii ana mama, ana ndugu, ana kiapo cha kutoachana milele. Twaingizwa nyumbani mwake, nasi twamhurumia. Hapo ndipo ulipo mvuto.

Nguvu ya kwanza ya kazi hii ni kwamba yajua chanzo cha maovu yake. Esther na Mikael, baada ya mwana wao mdogo kuuawa, wanawageuza watoto waliobaki kwa uchawi ili mauti isiwapate tena. Hofu ya mauti yazaa utumwa, kama Waraka kwa Waebrania unavyofundisha (Ebr. 2:14–15). Mzazi wa kwetu anayekwenda kwa mganga usiku kutafuta kinga ya mwanawe aijua hofu hiyo, na mchungaji asiyeielewa hatamfikia.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Klaus huwachoma ndugu zake kisu cha uchawi na kuwalaza majenezani miaka mingi, kisha tendo hilo hufunikwa kwa jina la upendo wa jamaa. Tamthilia yauona ubaya huo, lakini yausamehe upesi kwa kuwa wahusika ni wa damu moja. Wenyeji wa mji wanaouawa, wengi wao hawana jina wala matanga. Hata mwisho wake, Klaus na Elijah wanapokufa pamoja ili Hope, binti wa Klaus, apone, twakiri kwamba unagusa moyo; lakini Klaus amfia wa kwake. Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa adui (Rum. 5:10). Tofauti hii si ndogo, na mhubiri asiifute kwa haraka ya kupata mfano wa msalaba.

Wala jambo hili si la burudani tu. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu waliuawa na makundi kwa kushukiwa kuwa wanyonya damu. Katika mikoa ya magharibi ya Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kabla ya panga kuinuliwa, mshukiwa alikwisha kuondolewa katika hesabu ya watu wetu. Tamthilia hii yaweza kumsaidia mtazamaji kumwona anayeogopwa kuwa ni mtoto wa mtu. Ila huruma yake yakoma mlangoni pa ukoo, mahali pale pale ambapo huruma yetu nayo hukoma.

Kwa hiyo twawashauri watumishi wenzetu wasitosheke na marufuku. Katika darasa la kipaimara na waulize: katika sehemu mliyoitazama, ni nani aliyekufa bila kutajwa jina, na nani alimlilia? Swali hilo litawaongoza vijana hadi kwenye Meza ya Bwana, ambako damu haichukuliwi kwa mgeni ili nyumba moja iishi, bali yatolewa na Mwenye nyumba kwa ajili ya wengi.