Tarehe Isiyojulikana: Frederick Douglass na Mwezi wa Historia ya Watu Weusi

Mjadala kuhusu Mwezi wa Historia ya Watu Weusi nchini Marekani umeendeshwa zaidi na wanasiasa na waandishi wa magazeti kuliko wahakiki wa fasihi. Wanaoutetea hudai kwamba pasipo mwezi huo historia ya watu weusi ingezidi kupuuzwa shuleni. Wanaoupinga, akiwemo mwigizaji Morgan Freeman aliyelisema jambo hili hadharani mwaka wa 2005, hushikilia kwamba historia hiyo ni historia ya Marekani yenyewe, na kuitengea mwezi mmoja ni kuidunisha. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimeyapa kisogo maandishi ya mtu ambaye mwezi wenyewe umetundikwa kwenye siku yake ya kuzaliwa.

Carter G. Woodson, mwana wa wazazi waliowahi kuwa watumwa na aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1912, alianzisha wiki ya historia ya watu weusi mnamo Februari 1926. Aliuchagua mwezi huo kwa kuwa watu weusi walikuwa tayari wakiadhimisha kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, tarehe 12, na kwa Frederick Douglass, tarehe 14. Wiki hiyo ilipanuliwa ikawa mwezi mwaka wa 1976. Lincoln tumwache, yeye hakukosa wa kumwadhimisha.

Douglass ndiye anayetatiza. Tawasifu yake ya mwaka wa 1845 inaanza kwa kukiri kwamba hajui umri wake. Anaeleza kwamba watoto weupe waliomzunguka waliweza kutaja miaka yao, ilhali yeye hata kumuuliza bwana wake hakuruhusiwa. Tarehe 14 Februari aliichagua mwenyewe baadaye. Yeye alidhani alizaliwa mwaka wa 1817, lakini daftari la mtu aliyemmiliki, lililochunguzwa na watafiti muda mrefu baada ya kifo chake, linataja Februari 1818 bila kutaja siku. Kwa hiyo tarehe iliyochangia kuzaa mwezi mzima wa ukumbusho ni ya kubuni, na kilichosababisha ibuniwe ni utumwa wenyewe. Mwalimu anayeitaja tarehe 14 darasani pasipo kuueleza utupu uliomo ndani yake amekwisha kuipoteza historia anayodhani anaiadhimisha.

Isitoshe, Douglass ndiye mtunzi wa mojawapo ya hotuba kali kabisa zilizowahi kutolewa dhidi ya siku ya ukumbusho. Alialikwa na chama cha wanawake waliopinga utumwa mjini Rochester kuzungumza juu ya uhuru wa Marekani, akatoa hotuba yake tarehe 5 Julai 1852, siku moja baada ya sikukuu yenyewe. Fani ya hotuba hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Sehemu ya kwanza inawasifu waasisi wa taifa, na msikilizaji mzembe angeweza kudhani kwamba ni sifa za kawaida za sherehe. Hata hivyo, tangu mapema msemaji anatumia vimilikishi vya nafsi ya pili: taifa lenu, uhuru wenu, baba zenu. Kuna 'enu' kila mahali ambapo hafla ilitarajia 'etu'. Shutuma zinapolipuka katikati ya hotuba, sarufi imekwisha kuzitayarishia njia.

Hotuba hii inatupa kipimo tunachokihitaji. Douglass hakuisusia sikukuu wala hakuipamba. Aliitumia kama jukwaa la kuwahoji waliomwalika. Siku au mwezi wa ukumbusho una thamani pale unapoweza kuhimili msemaji wa aina hiyo.

Baadhi ya wenzetu huupinga mwezi huu kwa kuegemea waraka wa Nairobi wa mwaka wa 1968, ambapo Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikataa fasihi ya Afrika iwe kiambatisho cha fasihi ya Kiingereza. Hoja yao ina uzito, ila inamwonea Woodson. Waraka ule ulihusu mtaala, na Woodson naye alianza na kazi ya mwaka mzima: alikuwa mwasisi wa chama cha utafiti mwaka wa 1915, akaanzisha jarida la kitaaluma mwaka wa 1916, na mwaka wa 1937 akatoa jarida la walimu. Wiki ya Februari ilikusudiwa kuonyesha yale ambayo wanafunzi walikuwa wamejifunza miezi yote, na yeye mwenyewe alitumaini kwamba ingekuja kuwa mwaka mzima. Waliomfuata wengi walichukua mavuno wakaacha shamba.

Tarehe 31 Januari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza kwamba fedha na saa za kazi zisitumike tena katika maadhimisho ya miezi ya aina hii. Siku iyo hiyo Rais wa nchi alitia sahihi tangazo la kuuadhimisha mwezi wa Februari. Tangazo, bila shaka, halina gharama.

Nasi tunayo siku yetu. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo Novemba 2021, kwa kuikumbuka Julai 1954 ambapo TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha harakati za uhuru. Kiswahili si lugha ya wachache, lakini katika ofisi nyingi za nchi hii kinatendewa kama mgeni. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angefanya vyema kukusanya hotuba zinazotolewa siku hiyo, ahesabu ni mara ngapi msemaji hutamka 'lugha yetu', kisha aulize kumbukumbu za mkutano ulioiandaa hafla hiyo ziliandikwa kwa lugha gani.