Hodi kwa Niaba ya Nani?

Aprili 2024 Rufiji ilipofurika, maji yaliingia Mohoro na kukaa. Yalipoondoka yaliacha tope juu ya kila kitu, makaburi yakiwemo. Miezi mitatu baadaye nilikwenda na mjomba kumtafuta bibi. Kaburi lake halikuwa na maandishi. Lilikuwa tuta la udongo, jiwe kichwani, jiwe miguuni, na mwembe wa kukadiria. Sasa matuta yalikuwa yamelala na mawe yamefukiwa. Mjomba alihesabu hatua kutoka mwembeni, akakosea, akaanza upya. Nikatoa simu. Namba za GPS za pale nilikuwa nazo, na sababu ya kuwa nazo inanitia aibu kidogo.

Mwaka 2023, nikianza shahada ya umahiri ya fasihi, niliamua kuuchambua mchezo wa jiokashi kama utanzu. Mtu anaficha kijisanduku chenye daftari dogo, anatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti, na wengine wanakisaka, wanasaini, wanakirudisha. Ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa raia, pale Dave Ulmer alipoficha ndoo porini karibu na Portland, Oregon. Kila kijisanduku kina ukurasa wake wenye jina, namba, hadithi fupi, kidokezo, na maneno ya waliofika. Nilizisoma kurasa hizo kwa raha. Nilizozipenda zaidi zilikuwa za makaburini.

Zilizo bora kati ya hizo zina adabu. Kisanduku hakiwekwi kaburini. Mchezaji anatumwa kusoma mwaka wa kuzaliwa kwenye jiwe hili na mwaka wa kufa kwenye jiwe lile, anajumlisha, na jibu linampeleka nje ya uzio ambako kisanduku kipo. Masharti ya mchezo yanataka ruhusa ya mwenye eneo, na kufukia kisanduku hakukubaliki. Hata hivyo malalamiko yalikuwepo. Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi la jimbo la South Carolina lilipitisha muswada wa kuukataza mchezo makaburini bila ruhusa, ingawa haukufika kuwa sheria. Tangu hapo, mabishano niliyoyasoma yanarudi kwenye swali moja: je, uliomba ruhusa?

Nilidhani swali hilo linatosha. Nikapanga ukurasa wangu wa Mohoro. Nilikuwa na hadithi nzito. Wajerumani walikuwa na kituo cha utawala hapa, na hapa ndipo walipomnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa vinaanza. Vijana wengi waliosoma wanamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, Kinjeketile. Hussein mwenyewe aliwatenganisha wawili hao, yule wa historia na huyu wa jukwaani. Mimi niliwachanganya makusudi, kwa kuwa ukurasa ulihitaji mvuto. Msakaji angeanzia mjini, angepita makaburini kwetu, angemalizia barabarani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha kifundi. Makaburi yetu mengi hayana miaka ya kujumlisha. Mchezo uliobuniwa penye mawe yaliyoandikwa unadhani kila maiti ameacha maandishi. Kwetu anayejua nani kalala wapi ni mtu aliye hai, na njia ya kumsoma marehemu ni kumuuliza huyo. Nilitakiwa kuliona hilo kama onyo. Nililiona kama tatizo la usanifu, nikarekodi namba za sehemu aliyolala bibi ziwe kituo cha kati.

Kikwazo cha pili kilikuwa mjomba. Nilikuwa na barua ya ofisi ya kijiji yenye mhuri, nikampa. Aliisoma mpaka mwisho.

"Hii inasema uingie kijijini," alisema. "Haisemi uingie kwa mama yangu."

"Basi mjomba, naomba kwako."

"Mimi nikikuruhusu wewe, na hao wengine?"

"Wengine gani?"

"Hao watakaosoma kwenye simu. Nao watanigongea?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Hapo ndipo ninapoukosoa mchezo, hata ule wenye nidhamu. Unaichukulia ruhusa kama kitu ambacho mmoja anaweza kukipata mara moja kwa niaba ya watu asiowajua. Hodi haifanyi kazi hivyo. Kila mgeni hugonga mwenyewe, ili mwenyeji amuone, amuulize katokea wapi, na akitaka amwambie arudi kesho. Uislamu unamfundisha anayeingia makaburini awasalimie waliomo, kama wenyeji wa nyumba. Salamu hiyo hutolewa na kila anayeingia, kila mara. Aliyenitangulia jana hakunisalimia.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la hatari zaidi. Jiokashi inafundisha kujificha. Wasiocheza wameitwa "Muggles", jina lililotoka kwenye vitabu vya Harry Potter, na mchezaji hodari hufika, husaini na kuondoka wasimuone. Porini Oregon hiyo ni raha. Mohoro, mgeni anayeinama makaburini na kutia mkono kwenye tundu la mti, akiona watu akajifanya anafunga kamba za kiatu, atadhaniwa mchawi, na watu wameuawa nchini kwetu kwa kudhaniwa tu. Tena mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na polisi waliuawa Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Baada ya miaka ile, mtu asiyejulikana anayezungukazunguka bila kusema shida yake anawatia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu. Sharti la ruhusa haligusi hilo, kwa sababu kutokuonekana ndiyo raha yenyewe ya mchezo.

Ukurasa sikuuchapisha. Namba zilibaki kwenye simu.

Siku ile ya tope zilitufaa, na sitaki kulificha hilo. Zilitutoa kwenye mwembe tuliokuwa tumeudhania, zikatupeleka kwenye mwingine. Hapo zikakoma. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na ndani ya mita hizo wamelala watu wengi. Mjomba akakata kijiti, tukainama tukichoma udongo kutafuta jiwe.

Sauti ya mama mmoja ikatoka njiani. "Nyie nani?"

Kurasa nilizosoma zingenishauri nitulie mpaka apite. Mjomba alinyanyuka, akataja jina lake na la mama yake, kwa sauti ya kusikika mbali. Yule mama akanyamaza kidogo, akaja mpaka tulipo, khanga kaikunja juu ya tope. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama usoni, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja mama yangu.

"Basi mnamtafuta mbali," alisema. "Sogeeni huku. Mimi nililetaga maji siku ile ya maziko, ndoo niliitua hapa."

Kijiti kiligonga jiwe mara ya tatu. Mjomba alilifukua kwa mikono na kulisimamisha. Jioni aliniomba nimwandikie zile namba kwenye karatasi, akaikunja akaiweka kwenye msahafu wake. Kisha akaniambia niandike chini yake jina la yule mama.