Hita ya Akiba Haikuwa ya Kufunguliwa

Hiki ni kisa cha msimu mmoja katika kiwanda kimoja cha sukari. Hita ya juisi yenye chokaa ilipoanza kushindwa kufikisha nyuzi 102, mkuu wa zamu aliamuru ile ya akiba ifunguliwe sambamba nayo. Wenzake wakampongeza. Alikosea, tena vibaya.

Itazameni vali ile ikifunguka. Pampu ni ileile, juisi ni ileile, ila sasa inagawana njia mbili. Kama tyubu zilikuwa na kasi ya mita 1.8 kwa sekunde, zimebaki na 0.9. Sote tulifundishwa tusishuke chini ya 1.5, na haikuwa ushirikina: nguvu ya juisi kukwangua ukuta hufuata takriban kipeo cha pili cha kasi, hivyo anayekata kasi nusu amebakiwa na kama robo tu ya ukwanguzi. Uwezo wa juisi kupokea joto ukutani nao umeshuka hadi asilimia 57 hivi. Mchanga na vumbi la bagasi, vilivyokuwa vikisombwa, sasa vinalala chini ya tyubu. Chumvi kadhaa za kalisiamu, ambazo kinyume na sukari hazipendi kuyeyuka penye joto kali, zinagandia hapohapo. Siku za mwanzo joto lilipanda, nakubali, maana eneo liliongezeka maradufu. Ndizo siku za pongezi. Kisha hita zote mbili zikaota ukoko kwa pamoja, na hapakuwa na ya tatu ya kuhamia ili moja isuguliwe.

Nimelisema hili hadi wengine wamechoka: tangu TEMA, chama cha watengenezaji wa hita za tyubu, ilipochapisha jedwali la ukinzani wa uchafu mwaka 1941, wasanifu wamepata kisingizio cha kununua eneo badala ya kasi. Wanaongeza tyubu kwa kuogopa ukoko, kasi inapungua, ukoko unakuja mbio.

Curt Rosenblad wa Sweden, miaka ya 1930, hakuhitaji jedwali. Hita yake ya spirali ina njia moja tu kwa kila upande. Tope likianza kujijenga mahali, njia inabana, mtiririko unaongeza kasi palepale na kulikwangua. Nyie wauzaji wa hita za sahani zenye makunyanzi, mnaotaka kuzipitishia kila uji, msomeni huyo kwanza.



Kilichotakiwa kilikuwa kuhamishia juisi yote kwenye hita safi, kufungua vifuniko vya ile chafu na kuingiza brashi zamu hiyohiyo. Kama ilikuwa lazima zote mbili zifanye kazi, zingeungwa mfululizo, juisi yote ipite ya kwanza kisha ya pili. Nilipouliza kwa nini haikuwa hivyo, niliambiwa mfululizo unadai presha zaidi, na mota kubwa inakula umeme. Hayo yanasemwa na kiwanda kinachochoma bagasi yake chenyewe na kujizalishia umeme!