Kisawe cha "Lopsided": Upande Upi?

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza "lopsided", kisawe kinachomjia upesi ni "-sio sawa". Kisawe hicho ni chepesi, lakini kina kasoro mbili. Kwanza, "sawa" ni kulingana na pia ni kuwa sahihi. Hivyo "mgawanyo usio sawa" waweza kusomwa kuwa mgawanyo wa makosa, ilhali mwandishi hakutoa hukumu hiyo. Pili, vitu vyaweza kutolingana bila chochote kulala upande.

Asili ya neno yatusaidia. Katika karne ya 18 Waingereza walilitumia kueleza meli iliyolalia ubavu mmoja. Sisi nasi husema kuwa chombo au mzigo uliopangwa vibaya huenda tenge. Neno hili lisichanganywe na "mrama", ambalo ni kuyumba huku na huku. Kwa shehena au jengo, basi, "tenge" lafaa. Katika nyaraka za serikali lina hatari, kwa kuwa mambo yaliyokwenda tenge ni mambo yaliyoharibika. Tutakuwa tumeirudia ile hukumu tuliyoikimbia.

Hapo hubaki kitenzi "kuelemea", nacho chataka uangalifu. Tuchukue mfano wa biashara ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mapatano ya Kampala ya 1964 yalikusudiwa kupunguza tofauti iliyotokana na viwanda kuwa vingi zaidi Kenya. Mkataba wa 1967 nao uliiruhusu nchi yenye nakisi kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani za jirani aliyeiuzia zaidi. Suala hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoidhoofisha Jumuiya hata ikavunjika 1977.

Mfasiri akiandika "biashara isiyo sawa", msomaji hajui nani alinufaika. Akiandika "biashara iliyoielemea Kenya", amepindua maana, maana kinachokuelemea hukulemea: Kenya itaonekana ndiyo iliyobeba mzigo. Yafaa aandike, "faida ya biashara ilielemea upande wa Kenya."

Kiingereza chairuhusu sifa hiyo isimame peke yake bila kutaja upande. Kiswahili chauliza: ni nini kilichoelemea, na kimeelemea wapi? Mfasiri asiyeweza kujibu hayo hajaielewa bado matini yake, na hakuna kisawe kitakachomwokoa.