Kasoro ya kudai "lugha iko kushoto"

MJOMBA wangu wa Kisian alipatwa na kiharusi kilichompooza mkono na mguu wa kushoto. Kliniki alionyeshwa kalamu, saa na ufunguo. Akavitaja vyote bila kukwama. Tukaambiwa, "Lugha iko sawa." Majuma machache baadaye tulimpasha habari kuwa kijana wa jirani amepata jiko. Akauliza, "La makaa au la gesi?" Tukacheka. Kumbe mzee hakuwa akitania.

Vitabu vyetu hufunza kuwa lugha hukaa nusu ya kushoto ya ubongo. Msingi wa kauli hiyo ni daktari Mfaransa Paul Broca, aliyemchunguza mwaka 1861 mgonjwa aliyebakiwa na silabi "tan" tu. Kauli yenyewe si uongo, ila ni pungufu. Nusu ya kulia, ile inayotawala mkono wa kushoto, nayo ina sehemu yake.

Mwaka 1977, Ellen Winner na Howard Gardner wa Marekani waliwapa wagonjwa picha za kulinganisha na usemi kama "moyo mzito". Walioumia upande wa kulia mara nyingi walichagua mtu aliyelemewa na moyo mkubwa mikononi, ingawa waliweza kuueleza usemi huo kwa maneno. Mwaka 1981, Elliott Ross alieleza jinsi wagonjwa wa namna hiyo wanavyopoteza kiimbo cha hisia: furaha na huzuni zikatamkwa kwa sauti ileile.

Je, picha za ubongo zimemaliza ubishi? Hasha! Utafiti wa mwaka 1994 ulioongozwa na Gabriella Bottini uliona sitiari zikiamsha upande wa kulia; ule wa Alexander Rapp wa mwaka 2004 ukaelekeza kushoto. Mashine huonyesha damu inakoongezeka. Haituambii kuwa hapo ndipo maana inapokaa.

Lawama yangu basi si kwa mashine, ni kwa kipimo. Kutaja kalamu ni kupima msamiati. Mswahili huzungumza kwa nahau, methali na mafumbo, hata "Amekuja" na "Amekuja?" hutenganishwa na kiimbo pekee. Tena mjomba huwaza kwa Dholuo, lugha ambayo toni hubadili maana. Kumpima kwa orodha ya vitu, kisha kutangaza yu salama, ni sawa na kukagua nyumba kwa kuhesabu matofali.

Kosa hili lina gharama. Nyumbani tulimwona mjomba mjeuri, tukamkemea, watoto wakaanza kumkwepa. Kumbe alikuwa mgonjwa.

Kisian ina kituo cha KEMRI, na Chuo Kikuu cha Maseno kiko mbele kidogo kwenye barabara iyo hiyo ya Busia. Wanaisimu na madaktari waketi pamoja, watunge kipimo chenye nahau, kiimbo na hadithi fupi, kwa Kiswahili na Dholuo. Hadi hapo, ndugu msomaji, mzee wako akiuliza jiko ni la makaa au la gesi, usicheke. Mrudishe kliniki.